Sili Hafungi Ramadhani

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani kabla ya kustaafu, nami nikajibu kwamba nililea sili, huuliza kama wanalika. Sijui, sikujaribu. Hapa Maskati kila kitokacho baharini huulizwa hivyo kwanza, na siwalaumu, maana nami nimekulia nyumba ambayo kichwa cha nguru kilizungumziwa kwa heshima kuliko mgeni. Lakini nyinyi mnaosomea viumbe vya bahari hapo chuoni Al Khoudh, mnaokuja kunigongea mlango Alhamisi jioni na madaftari yenu, mnastahili jibu refu zaidi. Kaeni basi. Kahawa ipo, halwa ipo, na mimi nikianza kusema huwa simalizi upesi.

Sili wangu walikuwa wa ile aina ndogo yenye madoadoa, inayokaa pwani za kaskazini kwenye maji ya baridi. Hupenda ghuba zilizotulia, midomo ya mito na mawe ambayo maji yakitoka yanakauka, wakapanda juu yake kujilaza. Bahari yetu huku haina hata mmoja. Watatu wetu waliletwa kwa ndege, wamezaliwa kwenye mabwawa huko huko kaskazini, wakatiwa katika jumba la samaki lililofunguliwa hapa mjini. Ukumbi wao haukuwa na dirisha, na baridi yake ilitufanya tuvae makoti mwezi wa Julai. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alionyeshwa picha yao kwenye simu, akatazama, akasema huyo ni mbwa aliyefichwa miguu. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kugusa sufuria nyumbani kwake mpaka ninawe mara saba, mojawapo kwa udongo. Niliona tabu kubishana, nikawa nanawa tu.

Si mbwa, na si samaki. Anavuta pumzi kama sisi, ana damu ya moto, anazaa na kunyonyesha. Maziwa yake karibu nusu ni mafuta, ndiyo maana mtoto huacha ziwa baada ya wiki nne hivi akiwa amevimba mashavu. Mtoto huyo huzaliwa na manyoya ya kikubwa tayari, na siku hiyo hiyo anaogelea nyuma ya mama yake. Masikio ya nje hana, ni vitundu tu. Yule mnayemwona kwenye televisheni akitembea na kupiga mpira kwa pua ni simba wa bahari, mtu mwingine kabisa. Sili hawezi kukunja mapezi yake ya nyuma chini ya tumbo, kwa hiyo nchi kavu hujiburura. Akiingia majini hapo ndipo unapoona kwamba asiyejua kwenda ni wewe.

Mimi nilikwenda Skotland nikiwa msichana, nimepelekwa kusomea uvuvi. Mvua haikukatika, chakula hakikuwa na pilipili, na upweke ulinishika vibaya. Nikaenda kujitolea kwenye nyumba moja ya kuokoa sili wagonjwa, nikiwa natafuta tu mtu wa kuzungumza naye. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mfupi wa mabuti ya mpira, jina lake Morag, nami kwa malezi yetu sikuweza kumwita jina tupu, nikawa namwita Bi Morag. Alidhani ni cheo, akakubali.

Wiki ya kwanza nilimkuta sili mmoja amelala chini kabisa ya bwawa, macho kafumba, hatikisiki. Nikatazama saa. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikachukua ufagio mrefu nikamchokoa ili nimwokoe. Akafumbua jicho moja, akanitazama, akaukamata ufagio kwa meno na kuondoka nao. Bi Morag alinikuta nimepiga magoti ukingoni, mikono mitupu, nalia. Akanieleza kwamba pua ya sili ikipumzika hujifunga yenyewe, na ili kuifungua ndipo hutumia nguvu, kinyume chetu sisi. Moyo wake akizama hupunguza mwendo sana. Anaweza kulala chini, akapanda kuvuta pumzi, akarudi chini, na usingizi haujamtoka. Wengine hulala wamesimama wima majini, pua tu ndiyo iko nje. Basi akanikalisha kwenye benchi na saa na karatasi, niandike kila pumzi ya kila sili, siku tatu. Nilidhani ni adhabu, kumbe ndilo darasa lenyewe. Mpaka leo nikimtazama sili kwa robo saa nitakwambia kama ana afya, na mara chache sana nitakosea.

Mle mlikuwa na dume mzee, macho yote mawili yamekufa. Nilimhurumia, nikawa namtilia samaki mdomoni, mpaka nikaambiwa niache upuuzi. Alikuwa mnene kuliko wenzake wenye macho. Sili ana sharubu, na samaki akipita majini huacha njia nyuma yake ambayo sisi hatuioni. Yeye anaifuata kwa sharubu zile, na samaki ameshakwenda zake kitambo. Siku nyingine nitakuonyesheni video, maana kwa maneno watu huwa hawaniamini.

Sasa kidole hiki. Tazameni kidole changu cha shahada, hakinyooki sawasawa hata kwenye sala. Aliniuma mtoto wa sili niliyekuwa namsafisha kinywa, na jeraha lenyewe lilikuwa dogo la kuchekesha. Baada ya siku nne kidole kilikuwa kimejaa, chekundu, na kiungo hakikunjiki. Niliona haya kusema kwamba ni sili, nikapewa dawa za kawaida, hazikufanya kitu. Wavuvi wa kaskazini wanaujua ugonjwa huo tangu zamani, na dawa yake ni nyingine. Kwa hiyo mkiumwa, hata kwa mkwaruzo, mwambieni daktari siku hiyo hiyo kwamba mnafanya kazi na sili. Mimi nilingoja wiki mbili kwa sababu ya kiburi, na nimelipa kwa kidole.

Kuhusu samaki wa kuwalisha, sikilizeni, maana hapa wengi hupotea. Samaki wa barafu huyeyushwa kwenye friji polepole, si kwenye ndoo ya maji ya moto kwa vile umechelewa kazini. Ukimwogesha maji anapoteza nguvu zake, na vibua wana kitu ndani yao kinachokula vitamini fulani, sili akikosa vitamini hiyo huanza kutetemeka na kuzunguka ovyo. Basi unachukua kidonge, unakitia ndani ya matamvua ya samaki, unampa wa kwanza akiwa na njaa. Nilikuwa na mvuvi wangu wa Qantab aliyeniletea vibua wabichi mara mbili kwa wiki. Alipojua wanakwenda wapi alinuna mwezi mzima, akisema samaki wake wanaliwa na mnyama asiyejua hata kusema bismillahi. Halafu akaja siku moja na wajukuu, akamwona sili wetu Lulu anavyommeza kibua kichwa kwanza bila kumwaga hata gamba, na tangu hapo akawa anachagua yeye mwenyewe walionona.

Huyo Lulu ndiye nnayetaka kukuelezeni. Alikuwa jike mzima, wenzake wawili walikuwa bado vijana. Jina alipewa na watoto wa shule. Mngemwona, alikuwa na doa jeusi lililozunguka jicho la kushoto, na sili kila mmoja ana madoa yake, hayafanani. Nilikuwa nampenda, na sioni haya kulisema.

Kila mwaka sili hubadili manyoya. Siku zinapoanza kufupika baada ya kiangazi, mwili wake huhesabu mwanga na kujua kwamba wakati umefika. Damu nyingi huja kwenye ngozi kuotesha manyoya mapya, kwa hiyo hapendi kukaa kwenye maji baridi, hupanda juu ya jiwe na kulala huko siku nzima. Hula kidogo, huwa mkali. Wadogo hutangulia, kisha majike wakubwa, na madume huwa mwisho. Kwa vile ukumbi wetu haukuwa na jua, taa zilikuwa na saa yake ya kujiwasha na kujizima kwa kufuata jua la Skotland. Jedwali lake alilitengeneza Bi Morag mwenyewe, nami nikalibandika ukutani. Vijana wetu wawili walibadili manyoya vizuri tu. Lulu alianza nyuma yao, na alipoanza, Ramadhani ikaingia.

Ilikuwa Ramadhani ya kipindi cha joto kali, na ndiyo ya kwanza tangu jumba lifunguliwe. Nakwambieni, mwezi ule hakuna aliyelalamika kutumwa chumba cha barafu. Msaidizi wangu Khamis, ambaye wazee wake walitoka Tabora na yeye anakaa Al Amerat, alikuwa akifika kazini amechemka na gari lake, anakwenda moja kwa moja kuhesabu maboksi ya samaki, na hesabu ilikuwa haiishi mpaka Adhuhuri. Saa za jumba nazo zilibadilishwa. Mchana tulifunga, tukafungua baada ya Tarawehe mpaka saa saba za usiku, kwa sababu ndio wakati familia zinapotoka. Fundi wa taa akaniletea karatasi, akiuliza kama taa za sili ziachwe mpaka wageni watoke. Nikatia sahihi nikiwa nimesimama. Mwezi mmoja tu, nikajiambia, na hata wajukuu wa dada yangu walitaka kuja.

Lulu akaacha kula. Kwanza nusu ya ndoo, halafu robo, halafu akawa anamtazama samaki na kugeuza kichwa. Sote tukacheka kwamba Lulu amefunga nasi. Khamis akaniambia siku moja, "Bi Zuwena, huyu halali siku hizi. Kila nikipita namkuta macho wazi." Nikamjibu kwamba anangoja daku, na wote chumbani wakacheka tena, na yeye Khamis akacheka. Utani ule ulinipendeza kiasi kwamba niliurudia nyumbani wakati wa kufuturu.

Wiki ya tatu haikuwa ya kuchekesha. Manyoya yalikuwa yametoka usoni na kwenye mapezi, yakasimama hapo. Mgongo mzima ulibaki na manyoya ya zamani yaliyokauka rangi ya kutu, na mabaka mabaka ya ngozi tupu ubavuni. Kwenye mizani alikuwa anashuka kila siku. Nimeona sili wengi wakibadili manyoya, na hakuna hata mmoja aliyekwama hivyo. Kwa hiyo nikaamua kwamba ni kuvu ya ngozi. Sikusema huenda. Nilisema ni kuvu, mbele ya mudiri wetu, mkuu wa jumba, Bwana Saud, mara tatu, na mara ya tatu niligonga meza.

Ili kujua ni kuvu gani na kumtibu, ilibidi akatwe kipande cha ngozi, na ili akatwe ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi. Daktari wetu wa wanyama alikuwa Mkenya, Daktari Kioko, kijana mpole aliyezoea zaidi ngamia na vipanga. Alianza kueleza kwamba sili akilazwa kwa dawa mwili wake hudhani umezama, anabana pumzi, moyo unapunguza mwendo, na pengine pumzi hazirudi. Nikamkatiza. Nikamwambia hayo nayajua, nimewalea hawa tangu yeye hajazaliwa. Akanyamaza. Bwana Saud akatia sahihi, ikapangwa asubuhi ya siku ya pili yake.

Alasiri ile nilimpigia simu Bi Morag. Alikuwa kikongwe sasa, anakaa na binti yake, masikio yamezimika nusu. Sikupiga kumwomba ushauri, nilitaka aniambie kwamba nafanya vizuri. Nikamweleza ngozi, mabaka, uzito, kuvu, nikaeleza vizuri sana. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taa zetu zinazimwa saa ngapi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya lile jedwali lake ukutani, limeandikwa kwa mkono wake, na saa ya kuzima taa kwa wiki ile ilikuwa mapema kuliko tunavyozima sisi kwa saa nyingi. Sili yule hakuwa na kuvu. Siku zake zilianza kufupika, mwili ukaanza kazi, kisha mimi nikamrudishia kiangazi kwa sahihi yangu. Alibaki katikati, hajui aote au aache. Bi Morag akaniuliza kama bado nipo kwenye simu, nikamwambia nipo, nikamshukuru, nikakata.

Kutoka pale mpaka ofisi ya Bwana Saud ni ngazi moja, lakini niliiona ndefu. Wazee wake na wazee wangu ni majirani wa tangu Unguja, na ndiyo maana ilikuwa tabu zaidi, maana habari ingefika nyumbani kabla yangu. Nikamwambia nataka mambo mawili. Lulu asilazwe kesho, na ukumbi wa sili uzimwe taa tangu Magharibi mpaka mwili wake urudi kwenye hesabu.

Akavua miwani. "Bi Zuwena, asubuhi umeniambia kuvu. Sasa waniambia taa. Na kesho?"

"Kesho sijui," nikamwambia. "Lakini leo nnajua kwamba taa nimeziacha mimi, na wewe umetia sahihi kwa sababu mimi nimegonga meza. Akifa kesho, atakuwa amekufa kwa ajili ya meza hiyo."

Familia zilikuwa zimeshatangaziwa, sikukuu iko mlangoni, na watoto nusu ya mji walikuwa wanakuja kumwona Lulu. Mwisho akasema, "Nnakupa wiki mbili. Hakuna mabadiliko, analazwa, na wewe utakaa pembeni." Nikakubali. Lilikuwa jambo la haki.

Tukatundika pazia jeusi mlangoni. Khamis akawa anasimama pale kila usiku, anawaambia watoto kwa sauti ya chini kwamba Lulu amelala, na watoto wakawa wanatembea kwa vidole, jambo ambalo mama zao walisema hawajawahi kuliona. Mimi nilimpima asubuhi na jioni. Siku tano, hakuna kitu. Siku nane, ameshuka tena. Idi ikaja, nikasali, nikala wali wa dada yangu bila kujua una ladha gani, nikarudi kazini na nguo ya sikukuu. Siku ya kumi Bwana Saud alipita, akamtazama kupitia kioo, akaondoka bila kuniamkia. Nilihesabu kwamba zimebaki nne.

Siku ya kumi na mbili Khamis aliniita chumba cha pampu. Alikuwa ameshika kikapu cha kichujio, kimeziba, maji hayapiti. Kilikuwa kimejaa manyoya, mafungu kwa mafungu, rangi ya kutu. Tukakimbia ukumbini. Lulu alikuwa juu ya jiwe, anajikuna kwa pezi, na pale alipojikuna mgongo ulifunguka ukawa wa fedha wenye madoa meusi yanayong'aa. Niliketi sakafuni penye maji na nguo zangu, nikalia, na safari hii Khamis hakucheka. Jioni Lulu alikula vibua watatu, na baada ya wiki alikuwa anaipiga ndoo kwa pezi akiona nimechelewa.

Daktari Kioko alikuja mwisho wa mwezi kumtazama. Lulu alikuwa mpya kutoka pua mpaka mkia. Tulisimama wawili mbele ya kioo, nikamwambia yale niliyokwisha kumwambia Bwana Saud, kwamba kosa lilikuwa langu na yeye nilimkatiza bila adabu. Alitikisa kichwa, halafu akasema, "Niliwahi kumlaza mmoja, kabla sijaja hapa. Hakuamka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile.

"Nilianza, Bi Zuwena. Lakini ulikuwa na uhakika sana, nikaona aibu kukupinga. Nyumbani nilikuwa nimeshamwambia mke wangu kwamba kesho nitaua sili."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Alikuwa amelijua jambo ambalo lingemwokoa mnyama, na mimi nilikuwa nimelifunika kwa sauti yangu. Nyinyi mtakuja kufanya kazi chini ya watu kama mimi, wenye miaka mingi na meza ya kugonga, na wengi wao mara nyingi watakuwa wamepatia. Msione aibu kumaliza sentensi zenu. Mimi, miaka yote iliyobaki mpaka nakabidhi funguo, sikutia sahihi karatasi ya kumlaza mnyama kabla sijamtaka kila aliyemo chumbani aseme analoliona, nikianza na mgeni wa kazi, nami nimefunga mdomo. Mara nyingi walikuwa hawana la kusema. Nilingoja hivyo hivyo.